Hela, Pesa, Senti: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Sarafu za Kale Ukiwa Tabora au Kigoma

Kila siku tunasema "sina hela", na ni nadra mtu kukumbuka kwamba hela kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Ni heller, sarafu ya Kijerumani iliyoanza kutumika huku mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia ilivunjwa kwa pesa 64, na pesa nayo ilikuwa sarafu, ya shaba nyekundu. Wenyewe waliondoka, sarafu zao zikafutwa, majina yakabaki midomoni mwetu. Siku niliyoweka pesa moja ya 1890 na heller moja ya 1904 kwenye kiganja kimoja ndiyo siku niliyoanza kukusanya, na hadi leo sijaacha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza na asiye na fedha nyingi. Nimeuandika nikiwa Tabora, kwa kuitazama Tabora na Kigoma, maana kuna miji michache nchini iliyopitiwa na fedha za kigeni za aina nyingi kama hii miwili: za misafara, za reli, za ziwa, na za vita.

1. Chagua njia yako kabla ya kununua chochote

Kosa la wengi ni kuokota kila kitu: senti ya Marekani hapa, riyali ya Saudia pale. Baada ya mwaka una bakuli la vyuma visivyojuana. Chagua swali moja, halafu kila sarafu ijibu sehemu ya swali hilo. Swali langu ni hili: mtu wa Tabora au Ujiji alilipwa nini, mwaka gani, na nani?

Ukilifuata swali hilo, orodha inajipanga yenyewe. Anza na rupia ya India, iliyoingia na wafanyabiashara wa pwani. Zenye picha ya Malkia Victoria zimeandikwa "Queen" hadi 1876 na "Empress" kuanzia 1877. Sambamba nayo ilitembea sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa wa Austria, gramu 28 hivi, ambayo daima huwa na mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye. Kisha pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria. Halafu pesa na rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890, heller za 1904 na kuendelea, sarafu za vita za 1916, sentimu na faranga za Wabelgiji, senti na shilingi za Afrika Mashariki, na mwisho sarafu za kwanza za Tanzania za 1966: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini, na mwenge kwenye shilingi.

Ukiwa Ujiji, ongeza kitu ambacho si sarafu. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba pale sokoni watu walinunua samaki na unga kwa shanga zilizoitwa sofi, fupi zenye umbo la bomba, mfano wa vipande vya mrija wa kiko. Ukipata hata punje tatu zenye maelezo ya kuaminika, ziweke mwanzo kabisa wa kasha lako. Hiyo ndiyo ilikuwa chenji ya Ujiji.

2. Vifaa

Si vingi. Mizani ndogo ya kidijitali inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ile ya sonara. Kipimo cha venia cha kupimia kipenyo. Lenzi ya kukuza mara kumi. Sumaku. Kitambaa laini cha kutandika mezani, kwa sababu sarafu ikidondoka sakafuni ikapata pigo ukingoni, pigo hilo halitoki. Na daftari gumu. Daftari ndilo kifaa kikuu, nitalirudia.

Sarafu hushikwa ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada. Jasho la vidole linakula shaba, na alama ya kidole inaweza kubaki miaka.

3. Jifunze kuisoma sarafu usiyoijua

Usianze na picha. Anza na maandishi, kisha mwaka, kisha herufi ndogo zilizojificha.

Mwaka ukiwa kwa tarakimu za Kiarabu, aliyepita madrasa hana shida. Asiyepita akumbuke mawili yanayochanganya: tano ni duara, na sifuri ni nukta tu. Ukishausoma mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mfano, 1299 mara 0.97 ni 1260, ongeza 622 unapata 1882. Ndiyo pesa ya Barghash hiyo. Pesa ya kampuni ya Kijerumani inakurahisishia: upande mmoja tai na mwaka 1890, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na 1307.

Herufi ndogo hutaja mahali sarafu ilipopigwa. Kwenye rupia na heller za Mjerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg. Kwenye senti za Afrika Mashariki, H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham. Na T? T ni Tabora.

Rupia ya Mjerumani ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita. Geuza upande wa pili: ukiona simba na mnazi, hiyo ni ya enzi ya kampuni, 1890 hadi 1902. Ukiona matawi na thamani yake, ni ya kuanzia 1904, serikali ilipochukua kazi ya kutoa fedha kutoka kwa kampuni.

Rangi nayo inasema. Heller moja na nusu heller ni za shaba nyekundu iliyochanganywa. Heller kumi kuanzia 1908 ni nyeupe na ina tundu katikati, na heller tano yenye tundu ilifuata 1913. Ipo pia heller tano ya 1908 na 1909, gramu 20, pana kuliko rupia yenyewe. Ishike mara moja utaelewa kwa nini sarafu ya tundu, iliyo nyepesi na ya kufungwa kwenye uzi, ilikuwa na nafuu kwa mtu asiye na mfuko.

4. Sarafu zilizozaliwa Tabora

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani. Fedha haikuweza tena kuja kutoka Berlin. Askari walitaka mishahara, wapagazi walitaka posho, na watu waliokuwa na rupia za fedha halisi walizificha. Serikali ikachapa noti za dharura, lakini mkulima aliyeuza mtama wake hakutaka karatasi. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo karakana ya reli ilikuwepo na mafundi walikuwepo. Mwaka 1916 sarafu zikaanza kupigwa hapa hapa, kwenye karakana hiyo.

Ziko aina tatu: heller 5, heller 20, na rupia 15 ya dhahabu.

Heller 20 ndiyo utakayoipata. Ina taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916 na ile T. Nyingi ni za shaba njano, chache ni za shaba nyekundu. Malighafi ilikuwa chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Ndiyo maana uzito unatofautiana sana kipande kwa kipande, na nyingine zimepigwa upande, pambo limekatika, ukingo haulingani. Anayeanza hudhani ni feki. Sivyo. Hizo ni alama za haraka ya vita, na mimi nazipenda kuliko sarafu nyororo za Berlin.

Sasa chukua lenzi. Tazama taji: kuna taji kubwa na taji dogo. Kisha geuza, tazama herufi mbili za L katika neno HELLER. Kwenye nyingine ncha za L ni kali, kwenye nyingine zimejikunja, na kuna muhuri mmoja (chuma kilichochongwa cha kupigia sarafu) ambao ni L ya pili pekee iliyojikunja. Kila tofauti ni muhuri tofauti uliochongwa kwa mkono. Kukusanya michanganyo ya taji na L ni kazi ya miaka, na inawezekana kwa mtu wa kipato cha kawaida kwa sababu heller 20 za shaba njano zilipigwa zaidi ya milioni moja.

Rupia 15 ni habari nyingine. Zilipigwa elfu kumi na sita hivi tu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Upande mmoja tai, upande wa pili tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake. Uzito ni gramu 7.17, kipenyo milimita 22. Nazo zina aina mbili: ncha ya pambo inaishia chini ya herufi T, au chini ya A, katika neno OSTAFRIKA. Nakutajia ili uzijue ukizikuta makumbusho, na ili mtu akikuletea moja sokoni kwa bei ya kuku, umshukuru na uondoke.

Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Kwa hiyo sarafu yenye T imepigwa katika miezi michache ya mwaka mmoja. Sijui mji mwingine wa bara nchini kwetu unaoweza kusema hivyo.

5. Upande wa Kigoma

Kigoma ilichukuliwa na Wabelgiji Julai 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Wabelgiji wakabaki Kigoma hadi 1921. Kwa hiyo usishangae ukionyeshwa Ujiji au Kasulu sarafu yenye tundu na nyota kubwa: ni sentimu za Kongo. Zile za shaba nyekundu za 1887 na 1888 ni za enzi Kongo ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Za baadaye zina lugha mbili, Kifaransa na Kiflemi, hivyo utasoma Congo Belge na Belgisch Congo kwenye chuma kimoja. Tafuta faranga mbili ya 1943, ya pembe sita na tembo, iliyopigwa Philadelphia kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Za miaka ya 1950 zimeongezwa jina Ruanda-Urundi, na ile ya sentimu 50 ya alumini yenye mchikichi ni nyepesi kama jani. Mwambao wa Kigoma na michikichi yake! Sarafu hiyo, kwangu, ni ya nyumbani kule.

Wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie, na wanaopitia Manyovu kutoka Burundi, ndio njia bora ya kupata faranga za zamani kwa bei ya haki.

6. Kutafuta, na kuuliza

Pita kwa masonara. Wengi wana kijisanduku cha rupia walizoletewa kuyeyusha ziwe bangili. Pita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, waombe wakuwekee kando chochote cha duara chenye maandishi. Lakini hazina kubwa iko kwa wazee, na kwa wazee huendi na pochi mbele.

Bibi mmoja wa Ng'ambo aliniita nyumbani baada ya kusikia shughuli yangu. Nilipiga hodi, nikamsalimu, "Mwangaluka, bibi." Akaitikia, akanikaribisha kigoda, tukaulizana habari za watu wa nyumbani mpaka zikaisha. Ndipo akaleta kopo la Kimbo, akamimina vilivyomo kwenye ungo. Senti za tundu, karibu arobaini, zimepauka. Nikaokota moja.

"Hiyo," akasema, "mama aliifunga kiunoni mwa kaka yangu alipokuwa anatambaa. Mpaka akaanza shule."

Ilikuwa senti kumi ya 1936. Nikaisoma kwa lenzi kuizunguka: jina la Mfalme Edward wa Nane. Huyu alitawala Uingereza chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 bila kuvikwa taji. Nchini kwake hakuna sarafu yenye sura yake iliyoingia sokoni. Lakini sarafu za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, hazihitaji sura, zinahitaji jina tu, na jina likapigwa. Nikamweleza bibi. Akacheka, akaichukua, akaiangalia upya. "Basi hii siuzi, mjukuu wangu. Nyingine chukua."

Nilifurahi kuliko kama angeniuzia. Nikaandika maneno yake palepale, kwa ruhusa yake.

Uliza mambo matatu kabla ya bei: ilipatikana wapi, ilikuwa ya nani, ilitumikaje. Usimdanganye mzee kuhusu thamani. Ukijua kwamba kitu ni cha bei, mwambie, hata kama utakikosa. Tabora si kubwa, na jina baya linafika Nzega kabla yako.

Jambo moja zaidi. Utasikia hadithi za rupia zinazovuta mchele, zenye zebaki, za mamilioni, na ramani za hazina za Mjerumani. Achana nazo kabisa. Rupia ya Mjerumani ni fedha na shaba kidogo, haivuti chochote. Watu wameuza mashamba kwa ajili ya uongo huo.

7. Kutambua feki

Anza na sumaku. Dhahabu, fedha, shaba nyekundu na shaba njano hazivutwi. Rupia ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi.

Ya pili ni uzito na kipenyo. Rupia ya Mjerumani na ya India zote ni gramu 11.66, kipenyo milimita 30 hivi. Iliyochakaa hupungua kidogo, haiongezeki.

Ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi, na inahitaji kikombe tu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe majini bila kugusa ukuta wala chini ya kikombe. Soma namba. Kwa rupia halisi utaona 1.13 hivi. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo: 11.66 kwa 1.13 ni 10.3. Huo ndio msongamano wa fedha ya rupia. Shaba njano itakupa 8.5 au karibu na hapo. Rudia mara tatu, maana kiputo kimoja cha hewa kilichonasa chini ya sarafu kinaharibu hesabu.

Mwisho, lenzi. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo kama vya ngozi ya chungwa, herufi zake ni laini kama sabuni iliyotumika, na mara nyingine mstari unazunguka ukingo.

8. Usisafishe

Heller yangu ya kwanza ya Tabora niliisugua kwa ndimu na majivu. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea kama asali ya Sikonge. Nilitaka ing'ae. Asidi ya ndimu iliiondoa zinki iliyo usoni mwa shaba njano, ikabaki rangi ya waridi yenye mikwaruzo, na herufi T ikafifia. Ilikuwa imekaa karibu miaka mia bila mtu kuidhuru. Inaniuma hadi leo.

Rangi ile nyeusi au ya kahawia ni ngozi ya sarafu. Inailinda, na mkusanyaji analipia hiyo. Kwa hiyo: hakuna ndimu, ukwaju, mchanga, dawa ya meno wala steelwool. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji yaliyosafishwa kwa mvuke kwa siku kadhaa ukiyabadilisha, kisha toa udongo kwa kijiti laini cha mti. Ukinunua maji hayo dukani kwa jina la maji ya betri, soma chupa vizuri usije ukapewa asidi. Kausha kwa kugandamiza kitambaa, bila kusugua.

Ukiona unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiupangusa, hiyo ni kutu inayokula shaba kutoka ndani. Itenge na nyingine siku hiyohiyo, iloweke hivyohivyo kwa wiki kadhaa, ikaushe kabisa.

9. Kuhifadhi

Adui ni unyevu na plastiki laini. Zile albamu za bei nafuu zenye harufu kali hutoa utelezi wa kijani juu ya shaba. Tumia fremu za kadibodi zenye kidirisha cha plastiki ngumu. Bahasha za kaki zinaitia fedha weusi. Na usishawishike na kasha zuri la mninga: mbao, hasa isiyokauka vizuri, hutoa mvuke wa asidi polepole. Kopo la bati lenye mfuniko mkazo linatosha, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Masika ya Tabora, na mwaka mzima ukiwa karibu na ziwa, vibadilishe kila baada ya miezi michache.

10. Sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua mabaki ya kale bila leseni, na kuyatoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hiyo hakuna kufukua kuzunguka Boma la Mjerumani, Kwihara kwenye tembe la Livingstone, wala Ujiji kwenye kumbukumbu yake. Ukiokota kitu pale, mkabidhi mhifadhi.

11. Daftari

Kila sarafu ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye fremu. Andika siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijachuja. Piga picha karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, ili herufi zilizochakaa zionekane. Andika pia kasoro, na andika kama umeambiwa jambo ambalo hujalithibitisha. Hivi ndivyo ukurasa mmoja wa langu ulivyo:

*Na. 52. Heller 20, shaba njano, 1916 T. Taji dogo, L zote ncha kali. Gramu 11.2. Pigo ukingoni, juu ya mwaka. Tundu limetobolewa baadaye kwa msumari, kando ya taji. Nimepewa Isevya na mzee aliyekuwa fundi wa reli. Kwa maelezo yake, baba yake alilipwa posho ya upagazi na akaitoboa mwenyewe amvalishe binti yake shingoni, baada ya kuambiwa dukani kwamba haipokelewi tena. Sijaisafisha.*